Mshirika ndumilakuwili mezani: dalili, chanzo na tiba

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, ambapo watu husimulia kisa pamoja na kutupa dadu, usaliti wa mshirika huonekana umeharibika kikao cha nane, ila kosa lenyewe lilikwisha kufanyika kikao cha kwanza au cha pili. Ndiyo maana msimulizi anapolalamika kwamba wachezaji wamemkasirikia, jibu karibu kila mara liko nyuma yake. Hapa tunaanza na dalili unayoiona, tunarudi hadi kwenye chanzo, kisha tunatoa tiba: ya kuokoa kisa kilichokwisha kuanza na, inapowezekana, ya kujikinga kisa kijacho.

Msimulizi ni yule anayeendesha mchezo. Mchezaji ni mtu aliyekaa mezani, na mhusika ni yule anayemwigiza. Mshirika ni mhusika aliye mikononi mwa msimulizi na anayefuatana na kundi. Hesabu za dadu ni za mfumo mmoja wa mchezo huu, toleo la tano la Dungeons & Dragons, lakini tiba nyingi hazitegemei mfumo wowote.

Mfano ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Enzi za vyombo vya matanga, wahusika wanne wamekodi jahazi Lamu wapeleke sanduku Pate. Mwenye jahazi ni mkweli, na mabaharia pia. Rubani, mzee mpole anayejua kila mwamba na kila fungu kati ya Manda na Pate, amekwisha kula njama na mtu wa Pate anayelitaka lile sanduku.


Dalili: wanamshuku tangu dakika ya kwanza

Umemtambulisha tu, hajamaliza kutoa salamu, na mchezaji mmoja amekwisha sema "huyu ndiye".

Kagua kwanza orodha yako ya wahusika. Ikiwa kwenye jahazi lote rubani ndiye pekee mwenye jina, sura na mazungumzo, wachezaji hawakuhitaji dalili yoyote, wamehesabu tu. Tiba ni kuongeza watu. Kwa msaliti mmoja weka washirika wakweli watatu, kila mmoja na jina, tabia moja inayoonekana na jambo moja analolitaka. Mwenye jahazi anataka chombo chake kirudi salama kabla ya kusi kukaza. Kijana wa chomboni anataka kujifunza urubani. Mpishi anataka aachiwe jiko lake. Watu hao wakikaa sawa, rubani atapotea katikati yao.

Kisha jisikilize unavyomwigiza. Wasimulizi wengi humpa msaliti sauti ya chini, macho ya pembeni na kicheko kirefu, halafu hushangaa siri ilivyovuja. Mwigize vile ambavyo ungemwigiza angekuwa mwaminifu. Na kweli muda mwingi ni mwaminifu: anaendesha chombo vizuri, anawaonya kuhusu mawimbi, anampa mgonjwa nafasi yake ya kulala.

Chanzo cha tatu ni kigumu zaidi: kundi lilikwisha kusalitiwa kisa kilichopita. Hapo usimlazimishe rubani aaminiwe. Mpe aibu ndogo inayoonekana wazi, kwa mfano ubahili. Wakinusa jambo lisilokaa sawa, ubahili utakuwa maelezo tosha kwa muda. Na mmoja wa wale wakweli mpe siri isiyo na madhara kwao, mathalani kijana wa chomboni anayeficha barua za mchumba. Shuku itagawanyika, na itakapofichuka kwamba zilikuwa barua za mapenzi, wataona haya na kulegeza kidogo.


Dalili: hakuna aliyeshuku, na usaliti ulipotokea wamesema "umetubunia tu"

Hii ndiyo dalili inayoua visa vingi, na husababishwa na kitu kimoja: dalili za usaliti zilikuwa kwenye daftari la msimulizi, hazikufika mezani. Unayajua yote, kwa hiyo unahisi umeyasema. Hukuyasema.

Fanya ukaguzi huu. Andika kwenye karatasi kila jambo lililotamkwa kwa sauti, mezani, ambalo mchezaji makini angeweza kulitumia kumgundua rubani. Usihesabu ulichokikusudia, wala kilichosubiri dadu ambayo haikutupwa. Yakipatikana chini ya mambo matatu, chanzo umekipata.

Idadi ya chini ni tatu kwa sababu moja watasahau, moja wataielewa vibaya, na moja itabaki. Lakini idadi pekee haitoshi. Dalili tatu za aina moja ni dalili moja iliyorudiwa. Tafuta moja ya kusikia, moja ya kuona na moja ya kitu kinachokosekana.

Ya kusikia inaweza kuwa swali. Msaliti ana jambo asilolijua na lazima aliulize. Waliokulia pwani hii wanakijua kisa cha Fumo Liyongo. Mwanawe, aliyeahidiwa na mfalme wa Pate cheo kikubwa na binti wa kuoa, alirudi kwa baba yake na swali moja: ni kitu gani kinachoweza kukuua? Baba akamjibu, sindano ya shaba ikipigwa kitovuni. Swali lile ndilo usaliti wenyewe, na liliulizwa kwa sauti ya mtoto anayemhurumia mzazi. Rubani wako naye aulize, tena kwa upole: "Wanangu, bahari haina mwenyewe. Sanduku likianguka majini, nitalijua vipi katika masanduku yote haya?" Wakimjibu, wameshiriki. Kitakachowauma baadaye ni kwamba walimwambia wenyewe.

Ya kukosekana: rubani haulizi ujira. Mwenye jahazi amedai nusu mbele, mabaharia wanalalamika posho, mpishi anataka pesa ya kuni. Mzee huyu, mwenye kanzu iliyopaushwa na jua, haulizi kitu. Malipo yake yako kwingine. Ukitaka kuongeza, asile nao. Kila sinia likiletwa ana sababu: leo amefunga, kesho tumbo, kesho kutwa atakula baadaye na vijana. Haoni uso wa kula sinia moja na watu aliokwisha kuwauza. Usiwaeleze hilo. Sema tu kwamba mkono wake haukuingia siniani, kisha endelea na simulizi.

Ya kuona ndiyo tunayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji dadu. Meza ya Lamu ina ujuzi ambao kitabu cha kanuni hakina: wachezaji wanajua maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji katika mwambao wetu hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Na mkondo wa Mkanda, ule unaopita kati ya kisiwa cha Manda na bara, chombo kizito huupita maji yakijaa. Basi mkalishe rubani kwenye daka, wachezaji wamuulize safari, naye ajibu:

"Tutaondoka Ijumaa ijayo, wanangu, mwezi mpevu. Mkanda tuuingie saa nne asubuhi, jua halijawa kali."

Nyamaza hapo. Usikaze sauti, usimtazame mtu usoni. Mchezaji aliyezaliwa karibu na maji atakunja uso, labda bila kujua kwa nini. Rubani huyu hawezi kukosea jambo kama hilo. Anataka chombo kikwame kwenye matope, kati ya mikoko, palipo na mashua mbili zinazosubiri. Usaliti wote uko ndani ya sentensi mbili, na kila neno limesemwa mbele yao.

Kama mezani kuna mgeni wa bara asiyejua bamvua wala maji mafu, mpe dalili hiyohiyo kwa jicho la mwingine: kijana wa chomboni anamtazama rubani, anatazama maji, anafungua mdomo, kisha anainama kukunja kamba. Heshima kwa mzee imemfunga. Wakimfuata pembeni na kumuuliza, aseme.

Zitawanye: kwa usaliti wa kikao cha saba, swali liwe kikao cha pili, ujira na sinia kuanzia cha tatu, maji cha tano au cha sita. Kila dalili itaje mara mbili, mara ya kwanza ndani ya simulizi na mara ya pili katika muhtasari wa kufungua kikao kinachofuata, ikiwa imechanganywa na mambo mengine manne au matano ya kweli.

Umekwisha chelewa na wamekasirika? Usijitetee kwa kuwasomea daftari. Rudisha dalili kwa njia ya mtu: kijana wa chomboni aje kwao analia, awaeleze alichokiona siku tatu zilizopita na kwa nini alinyamaza. Haifuti kosa, ila inawapa kitu cha kushika.


Dalili: dadu imefichua kila kitu mapema

"Nataka kujua kama anadanganya." Dadu inatupwa, inatoka 19 kati ya 20, na kisa cha vikao saba kimekwisha kikao cha pili.

Angalia hesabu kwanza, maana wengi hawaijui. Tuseme rubani ana nyongeza ya 5 katika kudanganya, na kila mchezaji ana nyongeza ya 5 katika kumsoma mtu. Mchezaji mmoja akitupa dadu ya pande 20 dhidi ya rubani, nafasi ya kumshinda ni chini kidogo ya nusu: asilimia 47 na nusu. Wote wanne wakitupa dhidi ya dadu moja ya rubani, nafasi ya angalau mmoja kumshinda hupanda hadi kama asilimia 77. Wakirudia hivyo katika mazungumzo matatu, ni karibu asilimia 99. Siri isiyoweza kukaa mbele ya hesabu hiyo haikuwa na ulinzi wowote.

Tiba ya kwanza ni kutosema uongo. Rubani aseme kweli. "Nitawafikisha Mkanda salama" ni kweli tupu. "Njia hii nimeipita miaka arubaini" ni kweli. Dadu ya kumsoma mtu inaweza kugusa nia yake, lakini kama kauli ni ya kweli, hakuna uongo wa kukamata. Kabla ya kikao mwandikie sentensi tano za kweli zinazopotosha, uwe nazo mbele yako. Kuzitunga papo hapo ni kazi ngumu, na ukikwama utaangukia kwenye uongo.

Ya pili, amua dadu inatoa nini. Ikifanikiwa, toa hisia na usitoe mpango. "Mzee anaogopa. Mikono yake imetulia, lakini kila ukitaja Pate anameza mate." Hiyo ni kweli, ni malipo halali ya dadu nzuri, na inafungua mlango wa kuuliza zaidi. Hofu ina sababu nyingi. Kuwaambia "amesema kweli" wakati kuna jambo unalolijua ni kuwadanganya wewe mwenyewe, na hilo usilifanye kamwe. Rubani anaweza kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, msimulizi hawezi.

Ya tatu, mtupaji awe mmoja. Anayezungumza na rubani ndiye anayetupa, mwenzake aliyepo anaweza kumsaidia, na swali lilelile halirudiwi mpaka jambo jipya litokee.

Kuna uganga wa daraja la pili unaozuia uongo ndani ya futi 15 kutoka kitovu chake kwa dakika 10. Wasimulizi huuogopa bila sababu. Aliyeshikwa nao anajua ameshikwa, hawezi kutamka uongo, lakini anaruhusiwa kukwepa swali na kujibu kando. Soma kanuni yake mara mbili kabla ya kikao, kisha muulize rubani wako maswali kumi wewe mwenyewe. Ukiona hawezi kuvuka swali la tatu, acha akamatwe. Kundi lililotumia nguvu zake kwa busara limestahili ushindi.


Dalili: wamemuua, au wamemtupa ufukweni

Basi amekufa. Usimfufue, usimpe ndugu pacha, usimwokoe kwa dadu uliyoificha nyuma ya mkono. Wachezaji huona, na wakiona mara moja hawatasahau. Mtu wa Pate bado analitaka sanduku. Aliyemlipa rubani ana fedha za kumlipa mwingine, na sasa kundi halina rubani na bamvua linapita. Kwenye mfuko wa marehemu weka kitu kimoja kinachoonyesha walikuwa sahihi, na kingine kinachoonyesha kwamba hakuwa mtu mbaya tu.


Dalili: amewasaliti, na hakuna aliyejali

Wamepigana, wameshinda, wamegawana ngawira. Mmoja anauliza, "Jina lake nani vile?"

Chanzo: hakuwapa kitu. Mtu hawezi kuumwa na kuondokewa na asichokuwa nacho. Fungua daftari la fadhila, safu mbili tu: alichowapa, na walichompa. Kabla ya usaliti safu ya kwanza iwe na mambo yasiyopungua matano, na ya pili yasiyopungua mawili.

Fadhila ziwe za kutumika mchezoni. Kuwafundisha fundo la kamba linalowapa nyongeza ya 1 kila wanapopanda mlingoti. Kumtibu aliyechomwa na miiba ya baharini. Kuwaonyesha kisima cha maji matamu Manda. Angalau moja iandikwe kwenye karatasi ya mhusika na ibaki pale hata baada ya rubani kwenda zake, ili kila mchezaji anapoitazama amkumbuke. Kisu alichompa mhusika mdogo kuliko wote, akamwambia "kikae kavu, mwanangu, chumvi hula chuma," kitauma zaidi ya hotuba yoyote utakayoitunga.

Safu ya pili wasimulizi huisahau. Watu huzidi kumpenda waliyemfanyia wema. Weka nafasi waweze kumsaidia: jicho lake linafifia usiku, anahitaji mtu wa kumsomea nyota. Mchezaji akijitolea kuwa macho ya mzee kwa vikao viwili, umefika.


Dalili: "Kwa nini afanye hivyo?"

Usaliti umetokea, umeuma, dalili zilikuwepo, lakini sababu haina uzito. Rubani amewauza "kwa pesa". Mzee aliyeishi miaka sitini kwa heshima hauzi watu kwa pesa tu, na wachezaji wanalijua hilo hata kama hawawezi kulieleza.

Historia ya pwani yetu ina somo zuri. Ukoo wa Malindi ulikuwa mshirika wa Wareno tangu Vasco da Gama alipopokewa pale mwaka 1498, na Wareno walipoikamata Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na sita waliukabidhi ukoo huo usultani wake. Sultani Hasan akakosana na kapteni wa Kireno, na mwisho akauawa. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa jina la Jerónimo, akalelewa Kireno, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa sultani. Kwa macho ya Wareno hapakuwa na mshirika bora kuliko huyo. Inasimuliwa kwamba baadaye alionekana akiomba kwa desturi ya Kiislamu kaburini kwa baba yake, na habari zikaanza kufika kwa Wareno. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, akamuua kapteni na kuiteka ngome.

Mtazame kama msimulizi. Ana jeraha la zamani, ambalo ni baba aliyeuawa. Ana sababu ya kusubiri, maana alikuwa peke yake katikati yao. Na ana kitu kinachomlazimisha atende sasa: ameonekana, na akikawia atashtakiwa. Jeraha, subira na muda unaokwisha. Msaliti akiwa na hayo matatu hakuna atakayeuliza kwa nini. Zaidi ya hayo, Wareno walimwita haini, lakini yeye alikuwa mwaminifu kwa mtu mwingine aliyekuja kabla yao. Tafuta huyo mtu mwingine wa rubani wako. Ni nani aliyemwahidi kabla hajawajua wahusika?

Andika jibu kwa sentensi tatu, moja kwa kila kitu. "Mtu wa Pate alimlea mjukuu yatima wa rubani. Rubani hakuwa na njia ya kulipa deni hilo mpaka sanduku lilipotajwa. Mjukuu huyo yuko Pate, na ujumbe umekuja kwamba harusi yake haitafungwa mpaka sanduku lifike." Sasa jiulize kama wewe, ukiwa na mjukuu huyo, ungefanya tofauti. Ukisita, sababu imekaa sawa. Ukijibu haraka, rudi uiongezee uzito.

Mwana wa Liyongo naye anakupa jambo moja la kutumia. Kisa kinasema hakupiga siku ya kwanza. Aliogopa, akarudi, akaogopa tena. Mpe rubani nafasi moja ya kusaliti ambayo anaiacha ipite, na wachezaji waione bila kuielewa: usiku mmoja wanamkuta amesimama juu ya sanduku, taa mkononi, machozi yakimlenga. "Nilisikia maji yakiingia," anasema. Na yalikuwa yakiingia kweli.


Dalili: mshirika ameteka mchezo

Anapigana vizuri kuliko wahusika, anatatua mafumbo, anatoa amri. Mshushe: kiwango chake kiwe chini ya chao kwa viwili au vitatu, ujuzi wake uwe mmoja tu (maji), na vita vikianza awe kwenye usukani. Akilazimika kupigana, mpe mchezaji mmoja amtupie dadu.


Dalili: kwenye usaliti wenyewe, wachezaji wamekaa wakitazama

Umesoma kurasa mbili: jahazi limekwama, mashua zimetokea, rubani ameruka, sanduku limekwenda. Umemaliza, umeinua macho, na mezani kuna watu wanne waliokunja mikono.

Chanzo ni kwamba uliwanyang'anya zamu zao. Panga tukio hivi badala yake. Simamisha simulizi pale chombo kinapogusa matope, kabla ya mashua kuonekana. Sema sentensi moja: "Chombo kimegusa. Rubani ameachia usukani, na hatazami nyuma." Kisha uliza kila mmoja anafanya nini. Mashua zifike mwisho wa mzunguko wa tatu (mzunguko ni zamu moja ya kila mtu), na uihesabu mizunguko hiyo kwa kete tatu za bao zilizopangwa mezani, ukiondoa moja kila mzunguko.

Katika mizunguko hiyo kuwe na angalau mambo manne yanayoweza kufaulu: kumkamata rubani kabla hajaruka, kulisukuma jahazi kwa pondo hadi penye kina, kulificha sanduku kwenye matope kati ya mizizi ya mikoko, au kumsemesha mzee. La mwisho lisiwe pambo. Mchezaji aliyekuwa macho yake usiku akimwita kwa jina, mpe dadu yenye ugumu wa 15, yaani jumla ya dadu na nyongeza ifike 15, na ikifaulu rubani asimame mzunguko mzima.

Achukue sanduku tu. Ukiwanyang'anya silaha, fedha na chombo kwa mpigo mmoja, hasira itahama kutoka kwa rubani na kukuangukia wewe.

Saa nayo ina sehemu yake. Kikao cha baada ya magharibi hukatizwa na isha baada ya saa moja na kidogo, na tukio hili likikatika katikati watu hurudi wamepoa. Lianze baada ya isha, na kuanzia hapo hakikisha umebakiwa na saa nzima. Usilifanye robo saa ya mwisho ili kuwaacha na kiu. Wataondoka na kinyongo, na wiki nzima watakuwa wanapanga kumlipizia asiyekuwepo.


Dalili: baada ya hapo hawamwamini mtu yeyote

Wanampekua kila mvuvi, wanamfunga kamba mwenye nyumba ya wageni. Kila mazungumzo yanachukua nusu saa. Hapa tiba ni moja na inahitaji subira: mshirika afuataye atimize ahadi kwa gharama inayoonekana. Mwenye jahazi auze tanga la akiba ili awakomboe. Usilete msaliti mwingine kisa hicho chote, hata kama una wazo zuri kiasi gani.


Dalili: mchezaji mwenyewe ameumia

Amenyamaza, hatanii, kikao kinachofuata hakuja. Hili si tatizo la kisa. Mtu anaweza kuwa amesalitiwa kweli mwaka huu, na mtu wa karibu, na wewe hukujua. Mfuate faraghani, si kwenye kundi la simu. Muulize moja kwa moja, usikilize, na uwe tayari kulifuta tukio lote endapo ataomba. Kujikinga ni rahisi: kabla ya kikao cha kwanza, uliza kila mmoja peke yake kama yuko radhi kisa kiwe na usaliti wa mtu wa karibu. Swali hilo haliharibu siri yoyote. Kuwepo kwa usaliti hakumwambii mtu ni nani wala lini.


Dalili: wanataka kumsamehe, na hukujiandaa

Hutokea mara nyingi kuliko wasimulizi wanavyodhani, hasa ukiwa umefanya sawa yote yaliyotangulia. Wamemkamata, amekaa sitahani mikono imefungwa, na yule mwenye kisu alichopewa anasema, "Ami, twambie kweli."

Usimpe hotuba. Jibu maswali yao tu, kwa sentensi fupi, na kila jibu liwe la kweli kuanzia sasa hata kama linamwangamiza. Awe na kitu kimoja wanachokihitaji, yaani njia ya kutoka Mkanda maji yatakaporudi jioni, na akitoe kabla hawajamwomba. Kisha waache wabishane wenyewe. Usiwaharakishe, usimweke mwenye jahazi awaamulie. Wakiamua kumshusha Manda, mshushe. Wakiamua kumrudishia usukani, mpe, na kuanzia dakika hiyo mwandike upya kwenye daftari lako: deni lake la Pate bado lipo, mjukuu wake bado yuko kule, na kikao kijacho ni juu ya harusi hiyo.